Naomba ushauri: vifaa vya kutengenezea taa za LED kwa rafu za miche ya migomba (Bukoba)

MicheSafi_BK:

Wakuu, habari za jioni. Nina chumba kimoja nyuma ya nyumba, hapa Bukoba mjini, ninachozalishia miche ya migomba ya tishu, ile inayokuzwa ndani ya chupa kutoka kipande kidogo cha mmea. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba uingie Kagera watu wanaogopa kubeba machipukizi kutoka shamba la jirani, kwa hiyo soko lipo. Kinachonisumbua ni taa.

Rafu yangu ni ya chuma, ina ngazi nne. Kila ngazi ina urefu wa sm 120 na upana wa sm 60, na kutoka ngazi moja hadi nyingine ni sm 40. Kila ngazi ina mirija miwili ya wati 36, ile ya kizamani ya choki na stata (vifaa vinavyoiwasha na kudhibiti mkondo wake), na choki zimefungwa hapo hapo chini ya bati. Zinachemka kweli kweli. Chupa za ngazi ya juu yake zinapashwa kitako huku mfuniko ukibaki baridi, asubuhi unakuta matone yamejaa ndani, na baadhi ya miche imekuwa laini, majani yanang'aa kama yamelowa. Halafu ili chumba kisivuke nyuzi 28 inabidi niwashe kiyoyozi. Nalipia umeme unaoleta joto, kisha nalipia mwingine wa kulitoa.

Mdogo wangu amesoma umeme VETA, mikono anayo, tumekubaliana tutengeneze wenyewe. Tumekwama kwenye kuchagua. Dukani nimeonyeshwa taa ya mwanga wa pinki iliyoandikwa 1000W, chipu za mraba za wati 50 ambazo muuzaji anasema unachomeka moja kwa moja kwenye 220V, na roli ya stripu ya kubandika ya volti 12, mita 5. Nichukue ipi? Na nahitaji wati ngapi hasa?

Nimeazima kipima mwanga. Katikati ya ngazi kinasoma laksi 3,200, pembeni 1,500. Mirija imezeeka, ncha zake nyeusi. LUKU yangu iko T1, tarifa ya matumizi ya kawaida.

Kijana_Mbezi:

Dada, jua lote hilo la Mungu unawasha taa mchana? Si uweke dirisha kubwa la kioo tu umalize kazi.

MicheSafi_BK:

Chupa iliyofungwa ukiiweka juani, kwa saa moja umepika supu. Na Bukoba hii mvua ikianza unaweza kusahau jua lilipo. Miche ikitoka kwenye chupa ndipo inaenda kwenye neti na kuzoea mwanga wa nje.

FundiRedio:

Dada MicheSafi, shikamoo kama umenizidi, na marahaba kama nimekuzidi.

Vyote vitatu viache hapo hapo dukani.

Ile ya 1000W ni jina tu. Ichomeke kwenye kipima wati utakuta inavuta mia moja hivi, pengine haifiki. Muuzaji amejumlisha uwezo wa kila chipu kwenye karatasi akaandika jumla kwenye boksi. Tena zina feni, na feni kwenye chumba cha tishu kazi yake ni kupeperusha vumbi na mbegu za ukungu juu ya chupa zako.

Chipu za 220V ndizo ninazozichukia kuliko zote. Hazina draiva, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye LED. Kuna vijidude vichache pembeni vinavyozuia mkondo, na umeme wa ukutani unapita juu ya bamba la alumini ukiwa umetengwa nalo kwa utando mwembamba sana. Siku utando ukishindwa, rafu yako ya chuma imeshika umeme, na wewe unaifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Lakini hata kama zingekuwa salama, umbo lake halikufai. Wati 50 zinatoka kwenye eneo dogo kuliko kiganja. Una sm 40, ondoa urefu wa chupa na unene wa taa, umebaki na sm 25 au chini yake. Chupa za katikati zitakaangwa na za pembeni zitakaa gizani. Chipu kubwa moja ni ya mwenye dari refu. Mwenye ngazi fupi anahitaji mwanga uliotawanywa tangu unapotoka, yaani ukanda mrefu wenye LED ndogo nyingi.

Stripu ya kubandika ina umbo sahihi ila ndani yake kila LED tatu zina resista yao, na resista inakula sehemu ya umeme na kuigeuza joto. Ukienda mbali na waya unaoilisha, volti inashuka na mwanga unafifia. Kwa kupamba kaunta ya baa, sawa.

Sasa hesabu, maana bila hesabu utauziwa na cha nne. Miche ya kwenye chupa haihitaji mwanga mwingi, inakula sukari uliyoiweka kwenye chakula chake. Lenga mikromoli (kipimo cha mwanga ambao mmea unautumia) 50 hadi 60 kwa mita ya mraba kwa sekunde. Jua la saa sita mchana hutoa karibu 2,000, kwa hiyo hiki ni kivuli kabisa. Ngazi yako ni 1.2 × 0.6, mita za mraba 0.72. Zidisha kwa 60 unapata 43. Ongeza robo ya mwanga utakaomwagika pembeni, tuseme 55. LED nyeupe nzuri isiyolazimishwa hutoa kama mikromoli 2.4 kwa kila wati. Gawa 55 kwa 2.4: wati 23. Ngazi nzima! Sasa hivi unachoma 72 za mirija, na choki zake zinakaribia kuifikisha 90.

Kipima laksi ulichoazima kinatosha. Kwa LED nyeupe ya 4000K (weupe wa kati, si wa manjano wala wa bluu) gawa laksi kwa 70, kwa mirija yako gawa kwa 74 hivi. Yaani leo una 43 katikati na 20 pembeni. Tatizo lako la mwanga ni pembeni kuliko katikati.

Vifaa. Watu huchagua LED kwanza, draiva wanaitafuta baadaye kwa pesa iliyobaki. Mimi naanza na draiva, kwa sababu kwa umeme wetu huu unaoyumba, ndiyo inayokufa. LED yenyewe ukiiendesha taratibu itakuzika. Chukua Mean Well HLG-120H-48A. Inapokea kuanzia volti 90 hadi 305, kwa hiyo saa mbili usiku mtaa mzima ukiwasha pasi na umeme ukashuka, yenyewe haijali. Inatoa hadi ampea 2.5, na kati ya volti 24 na 48 inashikilia mkondo huo huo bila kujali volti za LED. Hilo ndilo unalolinunua. LED ikipata joto volti zake hushuka, na chanzo kisichodhibiti mkondo kitaisukumia umeme zaidi, izidi kupata joto, mpaka iungue.

Kwa LED tafuta stripu ngumu za bamba la alumini, si za kukunja, urefu wa sm 112, nyeupe 4000K. Bridgelux EB ni mfano mzuri: volti 39 hivi, mkondo wa kawaida ampea 0.7. Chukua nane, mbili kwa kila ngazi, zote uziunganishe sambamba, yaani kila moja na njia yake kutoka kwenye draiva. Ampea 2.5 gawa kwa nane ni 0.31 kila moja, chini ya nusu ya kawaida yake. Kwa mkondo huo volti zinakaa kama 37, sawa na wati 11 na nusu kwa stripu, wati 23 kwa ngazi. Umeona hesabu imerudi pale pale? Na stripu moja ikichomoka, saba zilizobaki zitagawana 2.5, kila moja 0.36, bado ziko mbali na 0.7. Ndiyo maana nakwambia nane na si nne. Nne zingewaka, lakini zingekuwa na joto zaidi, mwanga kidogo zaidi kwa kila wati, na moja ikichomoka tatu zingepigwa 0.83.

Draiva ifunge NJE ya chumba, ukutani kwenye korido, waya wa mm 1.5 upite kwenye tundu. Joto la draiva linabaki huko, na ikiharibika fundi haingii na viatu vyake kwenye chumba cha miche.

Hitisinki (bamba la kupozea LED) usinunue. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, waombe vipande vilivyobaki vya fremu, ukanda wenye upana wa sm 3 au 4. Kwa wati 11 zilizotandazwa mita nzima, alumini ile inatosha bila feni.

njiti_mbili:

Mzee FundiRedio kaandika vizuri lakini naona tunamzungusha dada. Mirija ya LED ya wati 18, sm 120, iko kila duka la umeme. Kila mmoja unatoa mwanga wa lumeni 1,800. Gawa kwa hiyo 70 yako, ni mikromoli 26 hivi kwa mrija. Miwili ni 51 kwa ngazi, karibu kabisa na 55 unayoitaka. Hakuna kuagiza China, hakuna kusubiri mzigo bandarini. Wati 36 badala ya 23, tofauti ni 13 tu.

FundiRedio:

njiti_mbili, hesabu yako ni halali na sina ugomvi nayo. Kwa mtu mwenye ngazi moja au mbili ningemwambia hivyo hivyo.

Ila angalia mambo mawili. Kila mrija una draiva yake ndani, na ya bei rahisi. Umeme ukiruka, inakufa, na huwezi kuitoa ukaweka nyingine, unatupa mrija mzima. Mirija minane ni draiva nane zinazosubiri kufa, tena zote zikiwa ndani ya chumba kinachopozwa. Pili, akienda njia hiyo asichomeke mrija wa LED kwenye fremu ya zamani bila kusoma karatasi. Choki na stata vitolewe njiani. Na mingine inalishwa laini na nyutro upande mmoja, mingine laini huku nyutro kule. Ukikosea hapo, ncha unayoishika kwa mkono inaweza kuwa na umeme.

Umeme wenyewe: sasa anatumia karibu wati 360 kwa saa 16, uniti 5.76 kwa siku. Yangu, pamoja na upotevu wa draiva, ni kama wati 100, uniti 1.6. Kwa mwezi tofauti inakaribia uniti 125, na kwa 356 ya T1 pamoja na kodi ni kama elfu arobaini na nne. Kiyoyozi sijakigusa. Kwa mirija ya njiti_mbili angeokoa kidogo chini ya hapo. Atachagua mwenyewe.

MamaAgari:

MicheSafi mwanangu, fundi amemaliza ya umeme, mimi nina ya chupa. Nimekaa kwenye vyumba vya ukuzaji muda mrefu.

Kwanza ile pinki, hata kama wati zake zingekuwa za kweli, usiiweke. Kazi yako kubwa kila asubuhi ni kupitia chupa kutafuta uchafu. Ukungu mweupe unaoanza, au utando wa bakteria wa rangi ya maziwa kwenye kitako cha mche, chini ya pinki huuoni. Majani yenyewe yanaonekana meusi, hutajua yapi yana manjano. Utagundua ngazi nzima imeshaambukizwa. Mwanga mweupe unakufanyia kazi mbili.

Na hayo maneno kwamba mmea hautumii kijani yamezeeka. Mtafiti McCree alipima majani ya mazao mbalimbali, akachapisha mwaka 1972, na kijani kinatumika vizuri tu. Nyeupe ya 4000K ina bluu ya kutosha kuzuia miche isirefuke ovyo na nyekundu ya kutosha kwa mengine. Usiongeze chipu za rangi.

Majani kung'aa kama yamelowa ni unyevu ndani ya chupa, na chanzo umekitaja mwenyewe: kitako cha moto, mfuniko baridi. Hata taa mpya zikija, usiruhusu kitu chochote chenye joto kigusane na bati la ngazi ya juu. Acha nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Angalia na agari yako pia, ile inayogandisha chakula cha miche, ikiwa laini mno miche hulowa vile vile hata taa ziwe za dhahabu.

Saa 16 za mwanga ziweke usiku. Washa saa 12 jioni, zima saa 4 asubuhi. Joto la taa litakutana na ubaridi wa usiku, na mchana chumba kitakuwa na joto la nje peke yake. Miche haijui saa ya ukutani. Wengi hawafanyi hivi kwa sababu wanapenda kuona taa zinawaka wakiwa kazini. Wewe acha taa moja ya kawaida ya kukagulia.

Na usibadilishe ngazi zote siku moja. Weka LED ngazi moja, chupa za kundi moja gawa nusu huku nusu kule, hesabu machipukizi mzunguko mzima. Ukibadilisha zote na kitu kikaenda vibaya hutajua ni taa, ni chakula au ni mkasi.

Jingine nje ya mada, ila wateja wako waambie: mche wa tishu ni msafi, hauna kinga. Ukipandwa pale mgomba mgonjwa ulipong'olewa majuzi, na panga likawa lile lile, mnyauko utaurudia.

MicheSafi_BK:

Asanteni sana. Shikamoo Mama Agari, na Fundi nakuamkia pia, nadhani umenizidi.

Nimeelewana na mdogo wangu, tunakwenda na draiva moja na stripu nane. Hilo la kuwasha usiku sikuwahi kuliwaza. Maswali yamebaki. Moja, taima: ninayo ile ya kuzungusha ya kuchomeka ukutani, inafaa? Mbili, waya wa kuingia kwenye stripu wenyewe uwe upi, maana picha inaonyesha vitundu vidogo sana. Tatu, nikifuata ushauri wa Mama Agari nikaanza na ngazi moja, nafunga tu stripu mbili kwenye draiva, nyingine naziacha kwenye boksi?

FundiRedio:

Marahaba. Naanza na la tatu kwa sababu ndilo lingekuunguzia.

HAPANA, usifunge mbili peke yake. Draiva itasukuma 2.5 zote, kila stripu ipate 1.25 wakati kawaida yake ni 0.7. Herufi A mwishoni mwa jina maana yake kuna skrubu mbili ndogo chini ya vifuniko vya mpira, moja ya volti na moja ya mkondo, imeandikwa Io. Kwa hiyo Io unaweza kushusha mkondo mpaka karibu nusu, 1.25 hivi. Ukishusha kabisa, stripu mbili zitapata 0.62 kila moja. Haziungui, lakini mwanga utakuwa karibu mara mbili ya tulioukusudia, na jaribio la Mama Agari litakuwa limeharibika kabla halijaanza.

Fanya hivi: anza na ngazi MBILI. Stripu nne, Io chini kabisa, 1.25 gawa kwa nne ni 0.31. Ni ule ule mkondo wa mwisho. Ngazi mbili LED, mbili mirija ya zamani. Ukiridhika, zima, ongeza nne zilizobaki, ndipo uzungushe Io ipande mpaka 2.5. Skrubu ya volti usiiguse. Kipimo ni multimita iliyowekwa kwenye njia ya waya chanya, upande wa ampea, tundu la 10A. Mdogo wako atajua. Mpangie tu ngazi za LED zisiwe zote juu, maana joto hupanda: weka ya kwanza na ya tatu.

Waya: vitundu vile vinataka waya wa nyuzi moja, si wa nyuzi nyingi. Kata kipande cha kebo ya mtandao wa kompyuta ya shaba halisi, nyuzi zake zinaingia vizuri na 0.31 ni kitu kidogo kwake. Tahadhari, kebo nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Ikwangue kwa kisu, ukiona nyeupe ndani iache. Waya mnene wa mm 1.5 ushuke kwenye nguzo ya rafu, na kila stripu ichukue tawi lake kutoka hapo. Usipitishe umeme wa stripu moja kupitia nyingine.

Taima ya kuzungusha itagoma. Draiva hizi zinapowashwa hufyonza mkondo mkubwa wa ghafla, kitambo kidogo tu, lakini unatosha kugandisha viunganishi vya taima ndogo. Ikiganda imewashwa, miche haitapata giza na wewe hutagundua, kwa kuwa asubuhi unazikuta zinawaka kama kawaida. Weka kontakta (swichi imara inayoendeshwa na umeme), taima iamrishe kontakta.

Ethi: ganda la draiva na rafu ya chuma vyote viunganishwe ethi (waya wa ardhini). Kabla ya kuchomeka au kuchomoa stripu yoyote, zima ukutani na usubiri kidogo. Draiva ikiwa wazi bila mzigo hupanda hadi volti 48, na ukiigusisha stripu ya 37 ghafla, unaipiga kofi la mkondo.

Ukishawasha pima laksi sehemu tano za kila ngazi, katikati na pembe nne, chupa zikiwa zimeondolewa na kipima kikiwa kwenye usawa wa majani. Pembe zikiwa chini ya 3,000, sogeza stripu zako mbali na katikati, kila moja kama sm 15 kutoka ukingoni, kabla hujafikiria kuongeza mkondo. Kuna karatasi nyeupe ya kung'aa wanayofungia mabango, ukiibandika upande wa ukutani inarudisha mwanga mwingi. Lete namba hapa tuzione.